Je, wajua kwa nini upepo huling'oa paa badala ya kulikandamiza?

Kwa miaka mingi niliamini kuwa upepo huling'oa paa la mabati kwa kujipenyeza chini ya upenu na kuliinua, kama mtu anavyobandua kifuniko cha sufuria kwa ncha ya kijiko. Kwa imani hiyo, nyumba yenye upenu mfupi, iliyofungwa milango na madirisha, ingekuwa salama kabisa. Sivyo. Nyumba kama hiyo nayo inaweza kupoteza paa lake, kwa kuwa chanzo kikuu cha nguvu hiyo kiko juu ya mabati.

Upepo wa kusi unapotoka baharini na kuukuta ukuta wa nyumba ya Mombasa, hewa hulazimika kupanda na kupinda juu ya ukingo wa paa. Hewa yenye kasi haipindi kwa urahisi. Huelekea kwenda moja kwa moja, kama abiria wa matatu anavyoegea upande wa nje gari linapokata kona. Ikiwa paa lina mteremko mdogo, hewa hiyo hujitenga nalo na kuacha juu ya mabati eneo lenye shinikizo dogo, hasa kwenye kingo na pembe, ambako mabati mara nyingi huanza kung'oka.

Hata hivyo, kusema kwamba paa "linafyonzwa" kunaweza kupotosha. Mtu anayekunywa dafu kwa mrija hayavuti maji: hupunguza shinikizo ndani ya mrija, kisha hewa iliyomo ndani ya dafu huyasukuma maji yapande. Vivyo hivyo, hewa tulivu ya chumbani ndiyo inayolisukuma bati kuelekea pale ambapo shinikizo limepungua. Kumbe imani yangu ya zamani ilikuwa na chembe ya ukweli, na chembe hiyo hukua mlango unaoelekea upepo unapofunguka, kwa sababu hewa hujaa ndani kama katika mfuko wa karatasi unaopulizwa, na nguvu hizo mbili hujumlishwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Shinikizo la upepo, kwa nyutoni kwa kila mita ya mraba, ni 0.613 mara kasi mara kasi, kasi ikiwa katika mita kwa sekunde. Kisha huzidishwa kwa kizigeu, yaani namba inayotegemea umbo la paa na sehemu yake. Tuchukue kizigeu cha 1, kiasi kinachofaa kwa sehemu ya katikati, na paa lenye uzito wa kilo 15 kwa mita ya mraba. Kwa kasi ya mita 15, upepo huinua kama kilo 14 kwa kila mita ya mraba (nyutoni 9.8 hivi ni uzito wa kilo moja), na paa bado limetulia. Kwa kasi ya mita 30, huinua kilo 56, na zinazobaki ni kilo 41 za kwenda juu. Kasi imeongezeka mara mbili tu, lakini mzigo wa boriti umegeuka mwelekeo! Upande wa chini wa boriti, uliozoea kuvutwa, sasa unabanwa, na boriti nyembamba isiyozuiwa upande huo inaweza kupinda kando.

Boriti yenye urefu wa mita 4, boriti zikiwa zimepangwa kila mita 1.2, hubeba kama kilo 200 za kuinuliwa, yaani 100 kila mwisho. Msumari uliopigiliwa wima hushikiliwa na msuguano wa mbao tu, na ndiyo maana mkanda wa chuma uliofungwa kwenye linta, yaani mhimili wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, ni muhimu kuliko unene wa boriti. Linta ya zege ya sentimita 20 kwa 20 ina uzito wa kilo 96 hivi kwa mita, kwa hiyo kila boriti, yenye mita 1.2 za linta, ina kilo 115 za kuishikilia. Hizo zinatosha kwa shida katikati ya paa. Kwenye pembe, ambako kizigeu kinaweza kufikia 2, nondo za linta lazima zishuke hadi ukutani.