Kwa nini moyo wa ng'ombe ni mnene upande mmoja?

Ukipita buchani Uyole, Mbeya, asubuhi, mwombe muuzaji aukate moyo wa ng'ombe kwa upana, katikati. Utaona matundu mawili. Moja limezungukwa na nyama nene, ngumu. La pili limejibana pembeni, na ukuta wake ni kama theluthi moja tu ya ule wa kwanza. Ule mnene ni wa kushoto.

Wengi hudhani kushoto hupita damu nyingi zaidi. Sivyo. Damu iliyosukumwa na upande wa kulia ndiyo hiyohiyo inayorudi kushoto, hivyo pande zote mbili husukuma kiasi kilekile. Tofauti ni safari. Upande wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu, hapohapo jirani, ambako mishipa haiipi damu upinzani mkubwa. Upande wa kushoto huifikisha hadi kwenye ubongo, kwato na ncha ya mkia, kwa presha ya karibu mara nne ya ile ya kulia. Msuli hunenepa kwa kazi. Twiga wa Ruaha, ambaye damu yake lazima ipande shingo yote ile, ana presha karibu mara mbili ya wanyama wengine, na ukuta wa kushoto wa moyo wake ni mnene ajabu.

Kisu kikifika juu, mishipa mikubwa inapoanzia, hugonga kitu kigumu. Ni mfupa wa kweli. Moyo wa ng'ombe unao, na kazi yake ni kuimarisha sehemu zinaposhikilia vali, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma.

Sasa tupande mlimani. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari; Kitulo, wilayani Makete, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, ni kama mita 2,600. Kadiri unavyopanda, oksijeni hupungua. Mishipa midogo ya mapafu ina desturi yake: sehemu ikikosa oksijeni, mishipa ya hapo hujibana ili damu ielekee penye hewa. Inafaa sana kipande kimoja cha pafu kikiziba. Lakini mlimani pafu zima hukosa, na mishipa hujibana kote kwa pamoja. Upande wa kulia hulazimika kusukuma kwa nguvu usiyoizoea, na ukuta wake huanza kunenepa nao.

Ng'ombe ana shida hii kuliko kondoo, kwa sababu mishipa yake ya mapafu ina msuli mnene zaidi. Wengi huzoea. Wachache moyo huwashinda: damu hurudi nyuma, mishipa ya shingo huvimba, maji hujaa kwenye kidari. Watafiti wa Colorado, Marekani, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1915.

Mfugaji akiona kidari kimevimba asikimbilie kulaumu mlima. Ng'ombe humeza waya na misumari pamoja na majani, na vitu hivyo hutua kwenye tumbo lenye kuta kama sega la nyuki, ambalo limetenganishwa na moyo kwa kiwambo chembamba tu. Waya ukipenya ukafika kwenye moyo, uvimbe hutokea kwenye kidari hichohicho. Mwite daktari wa mifugo mapema, na uokote kila kipande cha waya unachokiona zizini na kwenye malisho.