Rajas na raja: maneno yanayofanana yasiyo ndugu

Anayeanza kusoma falsafa ya Kihindu hukutana mapema na neno rajas, na wengi hudhani ni lile lile raja, mfalme. Sivyo. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, a ya kwanza ya raja huvutwa, ya rajas ni fupi. Kwa hati ya Devanagari, tofauti hiyo ni kijiti kimoja cha wima kando ya herufi ya r. Ukikiruka, umechanganya koo mbili.

Rajas ni mojawapo ya guna tatu. Guna maana yake ya awali ni uzi, na picha hiyo inafaa kushikwa: falsafa ya Samkhya hufundisha kwamba maumbile, yaani prakriti, yamesokotwa kwa nyuzi tatu kama kamba. Sattva ni mwanga na utulivu, rajas ni mwendo na tamaa, tamas ni uzito na giza. Hakuna kitu chenye uzi mmoja tu. Hutazamwa upi umezidi. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 17, inalieleza jambo hili kwa chakula, na sijaona maelezo mepesi kuliko hayo. Chakula laini chenye ladha nzuri na mafuta ni cha sattva. Kichungu, kichachu, chenye chumvi na ukali uliopita kiasi ni cha rajas. Kiporo kinachonuka na makombo ya wengine ni vya tamas.

Raja ni ukoo mwingine, na nduguye wa mbali ni rex, mfalme kwa Kilatini. Ongeza maha, kubwa, upate maharaja. Mkewe ni rani au maharani. Rajput ni mwana wa mfalme.

Hata hivyo Wahindi wa kale waliyasogeza karibu maneno haya mawili kupitia mzizi ranj, kutia rangi, kisha kufurahisha. (Rangi yetu, iliyotufikia kwa Kiajemi, ni ya ukoo huo wa ranj.) Wanasarufi walisema neno rajas limetoka humo. Naye mshairi Kalidasa, katika utenzi wake Raghuvamsha, anasema mfalme Raghu alistahili kuitwa raja kwa kuwa aliifurahisha prakriti. Wataalamu wa lugha wa leo hawaikubali asili hiyo ya raja. Lakini itazame prakriti yenyewe: kwa Samkhya ni maumbile, kwa Kalidasa ni raia.