Walabi hakimbizwi

Juzi mteja mmoja, mfugaji wa kondoo karibu na Waimate, aliniletea mbwa wake mpya, dume la miaka miwili. Kabla sijashika kamba akaanza kunisifia mbio zake: anampita sungura, hakuna walabi (jamaa mdogo wa kangaruu) atakayemtoka. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye paja la mbwa, penye jeraha la urefu wa kiganja, nyuzi bado hazijatolewa. Nikamuuliza limetokana na nini. "Walabi," akajibu kwa fahari.

Kazi yangu ni kufundisha mbwa wa kusakia walabi hapa South Canterbury, kisiwa cha kusini cha Nyuzilandi, na dhana hii kwamba mbwa bora ni mwenye mbio na meno nimeisikia mpaka imenikinai. Wakulima wa huku wanayo. Ndugu zetu wa nyumbani wanaonipigia simu nao wanayo, kwa kuwa wamekua wakiona mbwa wa kijijini wakimfukuza digidigi.

Jamani, walabi silaha yake ya kwanza ni kutulia. Usiku hushuka malishoni, mchana hulala kwenye kangaga, chini ya matagouri, kichaka cha miiba cha huku, au kwenye mafungu ya nyasi ndefu, mahali anapoona mteremko wote ulio chini yake. Unaweza kumpita hatua kumi usimwone. Ndiyo maana tunahitaji mbwa: kwa ajili ya pua. Mbwa akichomoka mbio, walabi naye analipuka kutoka kitandani mwake, anapiga chini miguu ya nyuma kwa kishindo, na wenzake walio jirani wanapata habari. Kilima kizima kimeharibika, na wewe msasi hujaona hata mkia.

Kisha kuna suala la pumzi. Mbwa kila anapoongeza mwendo anachoma nguvu zaidi. Walabi ana kano ndefu nyuma ya miguu zinazonyumbuka kama mpira: akitua zinavutika, akiruka zinamrudishia sehemu ya nguvu ile ile. Anaongeza mwendo bila kulipa gharama anayolipa mbwa wako. Shindano la namna hiyo unaliingia kwa nini?

Na hata mbwa akimfikia, hapo ndipo ninapokasirika hasa. Walabi aliyebanwa huegemea jiwe au mti akapiga teke, na kidole kirefu cha mguu wa nyuma kina ukucha unaopasua ngozi kama kisu. Jike aliyezidiwa anaweza kumwachia mwanawe aanguke kutoka mfukoni, na kitoto hicho kitafia nyasini. Na mnyama aliyekimbizwa muda mrefu kwa hofu, misuli yake huharibika akiwa hai. Anaweza kuponyoka leo na kufa siku chache baadaye, mahali usipomwona. Huo si usasi, ni mateso.

Mbwa ninayemtaka mimi hafanyi kazi mbali na macho yangu, anasoma upepo, na anasimama. Jike langu la miaka sita asubuhi moja alikuwa akitembea mbele yangu polepole. Pua ikapanda, mkia ukaacha kuyumba, mguu wa mbele ukabaki hewani. Halafu akageuka kunitazama. Nilikaa kama dakika mbili ndipo nikaona sikio moja ndani ya kangaga. Risasi moja, mnyama hakujua kitu.

Tena ujue upepo wa kilima. Kabla ya jua kuchomoza hewa baridi hushuka, kwa hiyo panda kutoka chini. Jua likishapiga mteremko hewa hupanda, zunguka uje kutoka juu. Asiyetaka kulijua hili asimlaumu mbwa.

Mengine niyataje haraka. Wapo wanaoamini mbwa mwenye njaa huwinda vizuri: si kweli, mwenye njaa anawaza tumbo lake, hatasimama akungoje. Wapo wanaodhani walabi hutembea kundi kama swala. Usiku utawaona wengi kwenye malisho mamoja, lakini kila mmoja amekuja na shughuli zake, na mchana kila mmoja hulala peke yake. Ukiua jike, fungua mfuko uangalie. Kama kuna mtoto, mmalize papo hapo bila kumtesa. Na usimwache mbwa ale mzoga aliouokota. Huku hutegwa sumu iitwayo 1080 ya kuulia wanyama waharibifu, na mbwa hufa hata kwa nyama ya mnyama aliyekufa kwa sumu hiyo. Kule Australia mapafu mabichi ya walabi yanaweza kumpa mbwa minyoo ya haidatidi, inayoweza kumpata na mtu, ile ile wanayoifahamu watu wa Turkana.

Kuna pia wanaoniona katili kwa kuua mnyama wa asili. Asili yake si hapa. Walabi hawa waliletwa kutoka Tasmania, wakaachiwa kwenye vilima vya Hunters Hills mwaka 1874, katika nchi ambayo mamalia wake wa nchi kavu walikuwa popo tu. Wanamaliza malisho na kula miche ya msitu. Mwaka 2020 serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuwatokomeza, na ng'ambo ya mito Waitaki na Rangitata, mipaka waliyowekewa nao wakaivuka, tegemeo kubwa ni mbwa wa kunusa mavi yao. Mbwa huyo hamkimbizi yeyote. Anakuonyesha kinyesi, unatoa taarifa, basi.

Dume la mteja wangu lipo kwangu sasa, siku ya nne kwenye kamba ya mita kumi. Leo jioni walabi alichomoka mbele yetu. Mbwa alitetemeka mwili mzima, akapiga hatua mbili, kamba ikalegea yenyewe, akakaa.