Mwanamuziki wa Dansi na Fedha za Umma: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

Dhana: Mwanamuziki hufanya kazi usiku wa Jumamosi tu.

Napiga gitaa la solo katika bendi ya dansi jijini Dar es Salaam, na wiki yangu huanza Jumanne kwa mazoezi ya kutwa ambayo hayana malipo. Siku ya onyesho tunafika ukumbini kabla ya magharibi kupakua spika na kupima sauti, tunashuka jukwaani saa tisa usiku, kisha tunasubiri viingilio vihesabiwe. Mwenye ukumbi huchukua chake kwanza, anafuata mwenye vyombo, na kinachobaki ndicho tunachogawana. Mwezi uliopita fungu langu halikutosha kununua nyuzi mpya, nikaufunga fundo uzi uliokatika, pale juu unapokazwa, nikaupigia wiki mbili.

Dhana: Dansi lilikua lenyewe bila mkono wa umma, kwa hiyo anayekwama leo hana kipaji.

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu historia yetu inasema kinyume. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, wakitumia vyombo vya chama. Bendi nyingine, Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilikuwa mali ya shirika la umma la usafiri, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi muziki wa bendi hizo katika studio zake. Magitaa yanayojibizana na safu ya wapulizaji havipatani kwa siku moja. Vinahitaji watu zaidi ya kumi wakae pamoja miezi mingi, na mshahara ndio uliowapa muda huo. Bendi yetu leo ina mpiga saksafoni mmoja, na sehemu za tarumbeta tunazipiga kwa kinanda.

Dhana: Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hugawa fedha za bure.

Mfuko huo wa serikali hutoa mikopo kupitia benki, nayo hurejeshwa. Mkopo humfaa mwenye studio inayoingiza fedha kila siku. Mpiga besi asiye na mkataba angesaidika zaidi kwa chumba cha mazoezi na vyombo vya kuazima katika halmashauri yake.

Dhana: Fedha za umma humfanya msanii kuwa msifiaji.

Hofu hii ina msingi, kwani bendi za mashirika ziliimba sana siasa za chama tawala, ingawa ziliimba pia mapenzi na misukosuko ya ndoa, na hizo ndizo nyimbo ambazo wazee wanatuomba hadi leo. Lakini kukosa fedha za umma hakujatupa uhuru. Jumamosi iliyopita nilikatisha solo katikati ili mwimbaji ataje majina ya watu watatu waliokuwa wamelipia kutajwa, na wa tatu alitaka jina lake lirudiwe.