Sini ikipoa, usinitafute mimi

Mimi natunga muziki wa filamu, na sini (tukio moja la filamu) ikikosa mvuto naambiwa: "Hii sini imepoa kidogo, wewe itie tu muziki." Basi leo naijibu kauli hiyo hapa, ili kesho niwe natuma linki badala ya kubishana WhatsApp. Chukulia wahusika wawili wamekaa kwenye kochi, hakuna anayetaka kitu kwa mwenzake. Nikiwapigia kinanda chini watabaki walivyo, ila sasa mtazamaji naye atajua kwamba hata nyie mliona pamepwaya.

Na mara nyingi wanaoomba hivyo hawatafuti hisia, wanataka kuficha jenereta. Mmerekodi Sinza, umeme ukakatika, jenereta la jirani likaingia kwenye maiki. Jenereta dogo la petroli huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, na mngurumo wake una hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) na vigawe vyake: 100, 150, kwenda juu. Noti ya G ya chini kabisa kwenye besi ina hezi 49. Kwa hiyo jenereta linaimba G iliyopanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni (hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake), na muziki wangu uliotyuniwa kawaida ukikaa juu yake, wote tunasikika tumekosea. Jirani akiwasha pasi, linashuka kidogo, mlio wote unayumba. Halafu muziki ukiisha, kelele inachomoza ghafla kuliko mwanzo. Kila mlikorekodi, kabla ya kufungasha vifaa, rekodini sekunde 60 za chumba chenyewe, watu wote kimya. Huo ukimya mpeni fundi sauti, atauhitaji kuliko atakavyonihitaji mimi.

Sasa kuhusu muziki kuingia. Dairekta huniuliza nitapiga ala gani, wakati jambo la kuamua kwanza ni muziki uanze sekunde ipi. Mama anapigiwa simu ya msiba: anafuta mikono kwenye khanga, anapokea, anaganda, analia. Wengi wanataka muziki kwenye chozi. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu muziki unamwamuru mtazamaji alie, naye binadamu akiamriwa hugoma. Ukianza wakati bado anafuta mikono, sisi tunajua kabla yake, na tunamhofia. Ukianza akishamaliza kulia, ametoka uani, tunaomboleza naye. Hizo ni filamu mbili tofauti, na kuchagua ni kazi ya dairekta. Mimi nitauliza, sitakuchagulia.

Tena muziki uingie kwa kujificha: chini ya bajaji inayopita, geti linalofungwa, au palepale picha inapokatwa kwenda nyingine. Fidla inaweza kuanza kutoka kimya kabisa ikapanda taratibu kwa sekunde tatu. Ilimba, ala ya Wagogo inayodonolewa kwa vidole gumba, haiwezi, kila noti yake ina mdonoo, hivyo noti ya kwanza lazima idondoke pamoja na kitu kinachoonekana. (Ukiichanganya na kinanda, sikiliza vizuri. Ngazi ya noti za Wagogo inafuata sauti za asili zinazosikika ndani ya mlio wa uzi mmoja, na ile ya saba iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Anayeinyoosha kwa programu anaua kile alichoifuata.)

Kutoka nako msishushe sauti kama redio inayokwenda kwenye matangazo. Mwisho unatungwa. Noti ya mwisho iachwe ife yenyewe ndani ya sini inayofuata.

Chini ya mazungumzo: maneno hueleweka zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000, na fidla na akodiani zina nguvu nyingi hukohuko. Andika noti za chini ya hapo, au piga kwenye pumzi kati ya sentensi. Na wimbo wenye maneno ya Kiswahili juu ya watu wanaozungumza Kiswahili, jamani, hapana.

Uhariri ufungwe kabla sijatunga. Tuseme mlango unafunguka sekunde ya 40 tangu muziki uanze. Kwa mapigo 72 kwa dakika hayo ni mapigo 48, baa 12 kamili zenye mapigo manne kila moja. Mhariri akipunguza "sekunde mbili tu", mlango unakuja pigo la 45.6. Kuusukuma mwendo hadi karibu 76 kunasikika. Kwa hiyo navunja baa moja iwe ya mapigo mawili, yabaki 46, na mwendo uwe 72.6. Sekunde mbili zenu hizo ni jioni yangu nzima.

Faili za muziki ziwe hivi: hezi 48,000 (sampuli kwa sekunde), biti 24, kila tabaka (kundi la ala) peke yake, zote zikianzia taimukodi moja (saa ya picha). Basi.

Jambo moja linanisumbua. Haya ya ukimya ni mazuri ukumbini. Mtazamaji wetu mara nyingi yuko kwenye daladala na simu, na ukimya nilioupigania anaujaza kondakta. Huenda wanaoweka muziki mwanzo mwisho wanamjua kuliko mimi. Tena spika ya simu karibu haina chochote chini ya hezi 200, kwa hiyo besi niliyoiandika ili kuwapisha waigizaji haisikiki kabisa. Huwa naipiga tena oktava moja au mbili juu, kwa sauti ndogo, na hapo nimesharudi kugombea nafasi na maneno yao.