Je, wajua? Bakteria sugu si lazima awe mkali

Ukisikia bakteria hasikii dawa, ni rahisi kumwona mbabe: kama dawa zimemshindwa, mwili utamweza wapi? Kwa kawaida sivyo. Usugu ni kukwepa dawa. Ukali ni kumdhuru mtu. Kazi hizo zinafanywa na jeni tofauti, na kwa miaka mingi zilikuwa nadra kukaa kwa bakteria mmoja.

Mchukue Klebsiella pneumoniae, mkazi wa kawaida wa utumbo. Walio sugu huwavizia hospitalini watu waliokwisha kudhoofika: mtoto njiti, mgonjwa wa mashine ya kupumulia, mwenye mpira wa mkojo. Baadhi wana jeni ya KPC, inayotengeneza kimeng'enya cha kuivunja meropenemu, dawa ambayo madaktari huiweka akiba. Lakini mtu mwenye afya anaweza kumbeba bakteria huyo tumboni asijue kabisa. Pasipo na dawa, usugu haumpi faida; wakati mwingine humlemea, ingawa si mara zote.

Upande wa pili, madaktari wa Taiwan miaka ya 1980 waliripoti Klebsiella mwingine, aliyewapata watu wakiwa majumbani kwao. Walikuja na jipu la ini, na kwa wengine maambukizi yalifika hadi machoni. Huyo ni mkali kweli. Ana gamba nene la ute linalomkinga dhidi ya chembe nyeupe za damu, na hutoa aerobaktini, molekuli ya kupora madini ya chuma ambayo mwili umeyaficha. Na bado dawa nyingi za kawaida zilimmaliza, isipokuwa ampisilini, ambayo jamii yake yote huikataa.

Jeni nyingi za pande zote mbili hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha mviringo kilicho kando ya kromosomu. Chukulia kromosomu ni kumbukumbu ya ndani ya simu, na plasmidi ni memori kadi. Bakteria wawili wakigusana, mmoja hunakili kadi akampa mwenzake, na yake inabaki. Mpokeaji hachagui wimbo mmoja. Anachukua kadi nzima. Kituko ni kwamba kadi ya ukali, yenye herufi za DNA zinazoweza kupita 200,000, kwa kawaida haiwezi kujihamisha. Hudandia kadi nyingine inayosafiri, hata ile ya usugu, au huungana nayo zikawa moja.

Mwaka 2016, wagonjwa watano waliofanyiwa upasuaji baada ya majeraha mabaya walifariki katika chumba cha wagonjwa mahututi huko Hangzhou, China. Wote walikuwa na Klebsiella wa ukoo wa ST11, sugu kwa karbapenemu (kundi la dawa lenye meropenemu), aliyejipatia plasmidi ya ukali. Plasmidi ilichangia kiasi gani kwa watu walioumia hivyo, ni vigumu kupima. Ukali wake ulijaribiwa kwa viwavi wa nondo wa nta, na kiwavi si mtu.

Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kuhusu ukoo wa ST23, ambako mambo yamegeuka: wakali ndio waliopata usugu.

Maabara zina kipimo cha zamani cha ajabu kidogo. Gusa kundi la bakteria kwenye sahani kwa kitanzi cha maabara, kisha kiinue. Ute ukivutika kupita milimita 5, unamshuku mkali. Baadhi ya hawa wenye sifa mbili hawavutiki hivyo, kwa hiyo zinatafutwa jeni zenyewe za ukali, kama iucA (ya aerobaktini) na rmpA (ya ute).