Kisumu, Oktoba 25, 1969: Yanayosemwa na Yaliyotukia

Hadi leo Kisumu, ukimwambia mwenye boda akupeleke Russia, hakuulizi mara mbili. Anakufikisha Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, karibu na Kondele. Lakini Jumamosi ile Rais Kenyatta alipokuja kuifungua hospitali hiyo, na polisi wakaufyatulia risasi umati, imefunikwa na masimulizi ya kuokoteza, na waliouawa siku hiyo wanastahili kusimuliwa kwa usahihi.

Wengi wetu tumesikia kwamba Tom Mboya aliuawa katika vurugu hizo. Sivyo. Mboya alipigwa risasi Nairobi, Julai 5, zaidi ya miezi mitatu kabla, akazikwa kwao Rusinga. Tena hakuwa mtu wa Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani. Alikuwa Katibu Mkuu wa KANU, chama tawala, na alichangia sana kumsukuma Odinga pembeni mwaka 1966. Hata hivyo kifo chake kiliwauma Waluo wa pande zote mbili, na uchungu huo ulikuwa bado mbichi Rais Kenyatta alipowasili Kisumu.

Wengine husema serikali ilijenga hospitali kwa fedha zake. Jina la mtaani linatoa jibu: ulikuwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na kwa watu wa Nyanza ulikuwa tunda la urafiki wa Odinga na Moscow. Mpinzani wa rais ndiye aliyehesabiwa kuuleta, rais ndiye aliyekuja kuufungua.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni ile ya kwamba polisi walikuwa wakijitetea tu dhidi ya wahuni. Ni kweli wafuasi wa KPU, chama cha Odinga, walizomea na kupaza sauti za "Ndume", fahali wa chama chao. Ni kweli mawe yalirushwa, na Kenyatta na Odinga wakakemeana hadharani. Lakini walinzi wa rais na polisi waliufyatulia risasi za moto umati uliokuwa na watoto ndani yake. Wala mambo hayakuishia langoni pa hospitali kama inavyodhaniwa. Msafara ulipoondoka, risasi ziliendelea kupigwa barabarani, kuelekea Ahero, kwa watu waliosimama kando ya njia. Mtu aliye kilomita kadhaa kutoka jukwaani anamtishia rais kwa lipi?

Kuhusu idadi, serikali ilitangaza vifo 11, na tarakimu hiyo hunakiliwa kana kwamba mjadala umefungwa. Manusura na familia hawajawahi kuikubali. Wao husema waliokufa ni makumi, na wapo wanaotaja zaidi ya mia.

Kisha kuna wanaodhani Kenya ilianza kuwa nchi ya chama kimoja mwaka 1982. Huo ni mwaka Katiba ilipobadilishwa. Kwa vitendo, jambo hilo lilitimia siku tano baada ya Kisumu: Oktoba 30, 1969, KPU ilipigwa marufuku. Odinga na viongozi wenzake walitiwa kizuizini, na yeye hakuachiliwa hadi 1971. Uchaguzi wa Desemba 6 ukafanyika kwa wagombea wa KANU peke yao. Mwalimu anayeanzia somo hili 1982 anaruka miaka 13, na anairuka Kisumu pamoja nayo.